Mwajiri, niite jina langu

Najua nimepotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Nzega, na siku nyingi nilizimalizia Lusu kwa mjomba. Wasioijua Lusu, ndiko kwenye mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, uliofungwa na kuacha vijana wengi wakijiuliza kazi watapata wapi.

Sasa nisikilizeni. Mtoto wa mjomba, fundi wa kuchomelea mwenye cheti chake cha VETA, aliitwa kwenye usaili Dar es Salaam na kampuni moja, jina kapuni. Mjomba akauza mbuzi wawili. Kijana akapanda basi, akalala kwa rafiki Mbagala, akasailiwa kwa dakika nane. Jibu? Karatasi ilibandikwa getini, namba tupu, yake haimo. Hakuna aliyemwambia amekosea nini. Alipopiga ile simu iliyomwita, haikupokelewa.

Hii habari ya namba ina historia kwetu. Wazee wetu walipopelekwa kukata mkonge Tanga waliitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikishwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda hata ofisi yao ya kusaka vibarua, SILABU, na huku magharibi palikuwa moja ya mashamba yao ya kuvuna watu. Neno manamba likageuka kuwa tusi, na bado ni tusi.

Lakini kabla ya mkonge palikuwa na njia ya misafara. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mzigo wa kilo 30 hivi begani, miezi mitatu njiani. Sisemi ilikuwa raha, watu walikufa porini kwa njaa na ndui. Ninachosema ni namna walivyopatikana. Mara nyingi kiongozi alikusanya ndugu na majirani zake mwenyewe. Alijua nani ana goti bovu na nani mkewe amejifungua juzi. Na alikuwa na sababu ya kuwa muungwana: akirudi, angekutana na mama zao kisimani. Mpagazi aliyeona anaonewa alitua mzigo akatokomea usiku, kama walivyolalamika sana Wazungu waliopita huku.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye tatizo la maofisa ajira wetu. Sio roho mbaya. Ni kwamba hawatakutana na mama yeyote kisimani.

Najua mtaniambia waombaji ni wengi. Kweli. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, wakajitokeza watu zaidi ya 10,000, usaili ukafanyika Uwanja wa Taifa kama vile Simba na Yanga! Sidai kila mmoja wa hao aandikiwe barua. Nadai kwa wale ambao mwajiri mwenyewe kawachuja na kawaita. Ukiita watu 40, simu 40 ni kazi ya siku moja. Kabla hajapanda basi mwulize anatoka wapi, umwambie nafasi ni ngapi, aamue mwenyewe kama mbuzi auzwe. Ikishindikana kumchukua, mwambie: ndugu fulani, kuchomelea unajua, ila tulitaka mwenye uzoefu wa mabomba. Hapo kijana anajua aende wapi. Pale Sojo, wilayani kwetu hapa hapa, kilizinduliwa mwaka 2024 kiwanda cha kupaka mabomba ya mafuta ghafi yanayotoka Uganda kwenda Tanga, na mabomba hayo huunganishwa kwa kuchomelea!

Na kwa nini kila kitu Dar? Mwanzoni mwa 2025 Sekretarieti ya Ajira iliwasaili walimu huko huko mikoani. Kama Serikali yenye maelfu ya waombaji imeweza, kampuni yenye watu 40 inashindwa nini kukodi chumba Tabora mjini?

Siku naondoka, mjomba alikuwa anafunga zizi. Akamwuliza kijana wake, "Hivi huyo mtu aliyekuita Dar anaitwa nani?"

Kijana akanitazama mimi, eti mwandishi wa habari. Sikuwa na jibu.