Wazee wa Kesho Wamekwisha Zaliwa

Mtu akisikia ya kwamba watu wa mahali fulani wanazeeka, hudhani mara moja kuwa sababu ni umri kurefuka. Hiyo ni sehemu tu ya habari. Mahali huzeeka vilevile watoto wanapopungua na vijana wanapohama. Na kwa kuwa mambo haya hayalingani kila mahali, ndani ya nchi moja twaweza kuona kaunti yenye mvi nyingi, na nyingine imejaa watoto.

Tuitazame Kenya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296. Wapatao milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi, yaani karibu 6 katika kila 100. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 maishani mwake. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Walakini wastani huu huficha mengi, maana Mandera ilikuwa na 7.7, na Nairobi 2.5.

Huko Nyeri na Murang'a uzazi ulipungua mapema. Vijana wengi wakaenda mijini kutafuta kazi, na baadhi yao hurudi shambani baada ya kustaafu. Ndiyo maana sehemu ya wazee huko yapita wastani wa nchi. Nairobi nayo yazaa watoto wachache kuliko kaunti zote, lakini haikuzeeka, kwa sababu hupokea vijana wa kaunti nyingine kila mwaka, na wengi wakichoka huwarudisha kwao. Basi ujana wa mji ni wa kuazima, na kijiji ndicho kinacholipa.

Je, Mandera ijione kuwa jambo hili haliihusu? La, hasha. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2019 atatimiza miaka 60 mwaka 2079, Mungu akimjaalia uhai. Wote watakaofikia umri huo kabla yake wamekwisha zaliwa. Twawaona madarasani na viwanjani. Kaunti yenye watoto wengi leo ina wazee wengi wanaokuja, nayo yaweza kujiandaa mapema.

Maandalizi hayo si hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na Serikali. Zahanati na vituo vya afya vi mikononi mwa kaunti. Basi yafaa kila kaunti ijiulize kama vituo vyake, vilivyozoea kuhudumia mama na mtoto, viko tayari pia kwa shinikizo la damu, kisukari na macho yaliyofifia. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwapa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini fedha haimshiki mzee mkono usiku anapotaka kuamka.

Hapo ndipo zamu yetu inapofika. Kurani Tukufu yatuamuru kuwatendea wema wazazi wetu, hasa wanapofikia uzee mbele yetu. Kijana aliye mbali hudhani kwamba akipeleka fedha kila mwezi amemaliza deni. Hatumlaumu kwa kufuata riziki. Twasema tu kwamba ndugu wa tumbo moja wakae pamoja, wakubaliane ni nani atakayekuwa karibu, na walio mbali wamsaidie kwa mali na kwa zamu, asije akaachiwa dada mmoja mzigo wote. Na kila msikiti ujue wazee wa mtaa wake wanaoishi peke yao.

Kijana anayesoma maneno haya naye yumo katika hesabu ya wazee wa kesho. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatunza waliotutangulia, na atupe wa kututunza sisi. Amin.