«Inaingia» si jibu: fakitire ya kipuri iseme kimetoka gari gani

Muulize muuzaji wa vipuri vya okazioni mjini Butembo kama pampu aliyoshika mkononi itafaa HiAce yako. Jibu lake ni neno moja: inaingia. Na mara nyingi inaingia kweli. Boliti zinakamata, mabomba yanafika, injini inawaka. Shida huanza njiani.

Na njia zetu tunazijua. Kutoka Beni hadi Kasindi ni karibu kilomita 80, na katika miaka hii magari yamekuwa yakipita huko kwa misafara inayosindikizwa na askari, kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa ADF. Basi dogo lililojaa abiria likizima hapo katikati, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Vipuri vingi tunavyotumia hufika kutoka Dubai, au hununuliwa Kampala na kuvushwa Mpondwe hadi Kasindi. Uganda wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Japani yalikotoka magari mengi yanayochinjwa. Sisi Kongo tunaendesha kulia. Kwa hiyo vyuma vya usukani na waipa vya gari la kule havifai gari lenye usukani wa kushoto, na hilo fundi huliona mara moja. Taa za mbele ndizo hudanganya. Zinakaa vizuri mahali pake na zinawaka, lakini kioo chake kimetengenezwa kurusha mwanga juu zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara ya kwao. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unampofusha usiku, naye anadhani umekataa kupunguza taa. (Wenye magari ya usukani wa kulia wasicheke: hata taa walizokuja nazo zina tatizo hilohilo.)

Halafu kuna jina lenyewe. Toyota imeita magari yake HiAce tangu 1967. Lile umbo lililoanza 1989 na lile la 2004 ni magari mawili tofauti, hata kama abiria wote wanayaita jina moja. Ndani ya umbo moja pia injini hutofautiana. Kwenye kibati cha gari, herufi LH zinaonyesha injini za dizeli za jamii ya L, kama 3L na 5L. KDH ni zile za D-4D. Nozeli nyingi za D-4D zina tarakimu zilizochapwa juu yake, ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari. Ukizifunga bila kufanya hivyo, injini inaweza kutetemeka na kutoa moshi, na utamlaumu muuzaji kwa nozeli ambayo pengine ni nzima. Difu nayo inaweza kufanana kwa nje, lakini hesabu ya meno ndani ni nyingine. Gari linachoka kwenye mlima, na mshale wa mwendo unasema uongo.

Ofisi ya udhibiti, OCC, ina kazi ya kuangalia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Lakini hapa ubora si swali. Kipuri kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisiwe cha gari lako. Hilo linajulikana tu kwa karatasi, na karatasi ndiyo tunayokosa. Fakitire nyingi huandikwa «pampu 1», bei, basi.

Tunaona kwamba wauzaji wanaweza kufanya zaidi. Watasema wananunua kwa jumla, vyuma vimechanganyika, hawajui asili yake. Kwa kipuri kimojakimoja tunaweza kuwaelewa. Lakini anayenunua injini nzima au nusu gari anaweza kudai kibati chake kule kule Kampala au Dubai, na kukihifadhi. Kisha aandike kwenye fakitire namba ya kipuri, aina ya gari kilimotoka, na siku ngapi mteja anaweza kukirudisha. FEC ya Butembo, inayokusanya wafanyabiashara hao, ina uwezo wa kuwaomba waanze hivyo, bila kungoja amri kutoka Kinshasa.

Mafundi wetu nao wana ujuzi mkubwa wa kulazimisha chuma kikubali. Kwa kiti au kioo cha pembeni, hatuna neno. Kwa breki na usukani, tupa msumeno.

Kwa sasa mnunuzi ajilinde mwenyewe. Piga picha ya kibati cha gari lako kabla ya kwenda sokoni. Beba kipuri cha zamani, hata kama kimevunjika, ukiweke kando ya kile unachouziwa: hesabu meno, pima matundu ya boliti, linganisha plagi za nyaya. Vipuri halisi vya Toyota kwa kawaida vina namba ya tarakimu kumi, tano na tano, ikisomeka, iandike. Na kabla ya kutoa dola zako, mwombe muuzaji atie sahihi chini ya neno lake lile: inaingia.