Kupita majaribio siyo kukaguliwa

Naipinga hoja kwamba draiva ya Etheneti ikishapitisha data, ukaguzi wa msimbo wake ni kupoteza muda. Visanduku vya intaneti na kamera vinavyouzwa Kariakoo, na kufungwa kwenye maduka yetu huku Mchikichini, vingi vinaendeshwa na Linux, na draiva imo ndani kabisa ya kiini cha mfumo. Kosa lake mteja halioni. Ushahidi upo tangu Januari 2003, ilipotangazwa kasoro ya Etherleak, CVE-2003-0001. Kwa mfano, ombi la ARP lina baiti 42 pamoja na kichwa cha fremu, wakati Etheneti inataka zisipungue 60 kabla ya zile 4 za uhakiki. Baiti 18 zinazopungua zilipaswa kujazwa sifuri. Draiva nyingi zilirefusha fremu tu bila kusafisha nafasi hiyo, hivyo mabaki ya kumbukumbu, hata vipande vya data za watu wengine, yakasafiri nje.

Mtasema majaribio yangeinasa. Yangeinasaje, ikiwa pakiti zilifika na majibu yakarudi? Kilichohitajika ni jicho la mtu anayeuliza urefu huu umetoka wapi na nani amesafisha nafasi hii. Kwamba ukaguzi unachelewesha, kweli, tena wakaguzi wengine wanakera kwa kubishania nafasi na mabano. Lakini Linux ina skb_padto inayojaza sifuri hizo. Kuangalia kama draiva fupi imeiita, au kama chipu inajaza yenyewe, hakumalizi asubuhi.