Unauza nyumba Kasongo au Kabambare? Usifunike nyufa kwa chokaa

Kati ya mwezi wa sita na wa nane, mvua zinapokatika kusini mwa Maniema, nyumba yoyote huonekana nzuri. Ukuta umekauka, bati halivuji, njia ya kufika kwenye parsele haina tope. Muuzaji anapaka chokaa, komisioneri analeta mnunuzi, wanazunguka vyumba kwa nusu saa, bei inakubaliwa na dola zinahesabiwa. Mwezi wa kumi maji yanashuka ndani ya chumba cha kulala, ufa uliofunikwa unafunguka, na watu waliopeana mikono wanaitana kwa shefu wa kata. Wengine wanafika tribinalini.

Ufaransa, sheria inamlazimisha muuzaji kumpa mnunuzi faili ya uchunguzi wa nyumba, ikiwemo hali ya umeme na, katika maeneo yenye mchwa, ripoti ya wadudu hao. Marekani, kwa kawaida mnunuzi hulipa mkaguzi kabla ya kukamilisha ununuzi. Huku kwetu Kasongo na Kabambare mkaguzi ni macho ya mnunuzi mwenyewe, fundi anayekuja naye, na maneno ya majirani. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba ukaguzi unapaswa kuanza na muuzaji, kabla mgeni hajabisha hodi.

Wako watakaosema huko ni kujishushia bei. Wasome sheria. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado inatumika nchini, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika zinazoharibu matumizi ya kitu alichouza. Mnunuzi anaweza kurudisha nyumba na kudai pesa zake zote, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Lakini kwa kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, muuzaji hadaiwi. Kwa hiyo anayeonyesha ufa anajilinda, na anayeupaka chokaa anajitafutia kesi.

Matayarisho yenyewe hayahitaji mali nyingi. Gonga mbao za sharpanti moja moja: ubao unaolia kama debe tupu umeliwa na mchwa. Tazama chini ya ukuta, hasa nyumba ya matofali mabichi, kama maji ya mvua yamekula msingi, kisha chimba mfereji wa kuyaondoa. Badilisha misumari ya bati iliyolegea. Pima kina cha shimo la choo na useme ukweli kama limekaribia kujaa. Usichoweza kutengeneza, kiandike kwenye hati ya kuuza, ili mnunuzi atie saini akiwa anakijua. Na wewe mnunuzi, ukiweza, rudi kuiona nyumba siku ya mvua.

Hata hivyo, ukuta mbovu hutengenezwa. Kesi ngumu zaidi hutoka kwenye makaratasi na kwenye familia.

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo kwenye ardhi ya konsesyo inathibitishwa na hati moja tu: certificat d'enregistrement. Fishi ya parsele, karatasi ya shefu na hati ya kuuza iliyoandikwa mbele ya mashahidi ni vitu vya maana, lakini havichukui nafasi yake. Muuzaji aseme waziwazi ana karatasi gani na hana ipi. Awaite majirani wa pande zote waonyeshe mawe ya mpaka kabla bei haijatajwa. Jirani asiyeitwa leo ndiye atakayeleta mgogoro kesho.

Ndani ya nyumba pia kuna wa kuitwa. Kifungu cha 499 cha Sheria ya Familia kinataka bwana na bibi wakubaliane kabla ya kuhamisha konsesyo, hata kama hati ina jina la mmoja wao. Kama mwenye nyumba amefariki, watoto wake ni warithi wa kwanza, na sheria inampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyoishi na marehemu. Baba mdogo anayeuza peke yake, akisema anasimamia mali ya ukoo, anauza kisicho chake. Mnunuzi asione haya kuuliza: mama yuko wapi? Watoto wamesema nini?

Kabambare swali hilo lina uzito wa pekee. Eneo la Salamabila limeona dhahabu ikileta watu wenye pesa za haraka, na limeona mapigano yakifukuza familia kwenye nyumba zao. Nyumba ambayo wenyewe wamekimbia haijakuwa mali ya aliyebaki na ufunguo. Anayeinunua bei nafuu bila kuwatafuta wenyewe anaweza kupoteza pesa zake siku watakaporudi.

Mamlaka nao wana kazi yao. Mashefu wa kata na wa vijiji wawe na daftari moja la mauzo, lenye tarehe, mipaka, majina ya bwana na bibi na ya mashahidi, na wakatae kutia muhuri kama parsele imekwisha kuandikwa kwa mnunuzi mwingine. Huduma ya ardhi ibandike ukutani gharama za kupima na za kubadilisha jina, ili mkaaji ajue anacholipia. Watu wasipojua bei, wengi watabaki na karatasi ya shefu peke yake, na nyumba moja itaendelea kuuzwa mara mbili.

Komisioneri naye, anayelipwa kwa kila nyumba inayouzwa, asikae pembeni. Kabla ya kuleta mnunuzi, aombe kuona hati, mipaka na bibi wa nyumba. Familia nyingi zina nyumba moja tu ya kuuza katika maisha yao, na wengi wanaoinunua wameweka akiba ya miaka mingi. Siku moja ya ukaguzi wa kweli ni gharama ndogo kuliko miaka ya kesi.