Kuuliza si uvumi: tunadai ukweli juu ya virusi vinavyobeba dawa

Vijana wa Goma, bandugu na badada,

Tukumbuke tarehe 14 Novemba 2019. Siku ile chanjo ya pili ya Ebola ilianza kutolewa hapa kwetu, Majengo na Kahembe. Kwenye foleni, sokoni, juu ya moto, swali lilikuwa moja: "Munatutia virusi?" Na jibu tulilosikia mara mingi: "Musisikilize uvumi."

Hilo halikuwa jibu. Jibu la kweli lilikuwa: ndiyo, ni virusi. Chanjo ya kwanza, ile ya Beni tangu 2018, ni virusi vya mifugo vilivyotolewa jeni moja na kupewa ya Ebola, ili mwili umjue adui bila kuupata ugonjwa. Dozi ya kwanza ya ile chanjo ya pili ni virusi vya jamii ya mafua vilivyoondolewa uwezo wa kuzaana. Kueleza hayo ni dakika mbili tu. Njo maana tunasema: aliyeuliza hakuwa mjinga. Mjinga ni ule alifikiri watu wa Goma hawawezi kuelewa.

Kwa nini tunaikumbusha leo? Kwa sababu njia hii haikuishia kwenye Ebola. Mwaka 2021 Japani ilikubali, kwa masharti, dawa ya uvimbe mbaya wa ubongo iliyotengenezwa na virusi vya herpesi, vile vya vidonda vya mdomo. Vimebadilishwa mahali patatu ili vizaane ndani ya seli za kansa, na vinapigwa shindano ndani ya uvimbe wenyewe. Kesho dawa za aina hiyo zinaweza kufika kwenye lopitali zetu. Tutazipokea namna gani?

Kuna batu benye banasema kwenye WhatsApp: "Virusi ni sumu, tukatae yote." Hapana. Sisi tulizika watu. Ebola ile iliua watu 2,287, na chanjo iliyopewa watu zaidi ya 300,000 ilikinga wengi. Bamama wajawazito waliachwa nje ya chanjo hadi katikati ya 2019, kwa jina la usalama, na Ebola yenyewe haikuwaacha. Kukosa dawa pia kunaua.

Na kuna batu benye banasema: "Wataalamu wamekubali, munyamaze." Hapana tena. Mwaka 1999 kule Marekani, kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alikufa siku nne baada ya kupewa tiba ya jeni iliyobebwa na virusi. Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuelezwa madhara yaliyokwisha kuonekana kabla yake. Kilichomnyima haki yake si uvumi. Ni kimya cha wataalamu.

Leo, kwa virusi vinavyojiingiza kabisa ndani ya jeni za mgonjwa, mamlaka ya dawa ya Marekani inataka afuatiliwe hadi miaka 15. Na mtu wa Majengo? Zaidi ya watu 20,000 walipata dozi ya kwanza. Halafu Corona ikaingia, mpaka ukafungwa, na wengi hawakupata ya pili. Wewe uliyechanjwa, matokeo ulipewa kwa Kiswahili?

Tunadai kwa Wizara ya Afya, kwa INRB na kwa kila shirika litakalokuja:

1. Kila jaribio lielezwe kwa Kiswahili mbele ya kuweka sahihi, pamoja na madhara yote yanayojulikana.
2. Kila aliyepewa awe na namba ya simu ya bure na dokta anayemjua, hata akihamishwa na vita.
3. Matokeo, mazuri na mabaya, yabandikwe kwenye kituo cha afya cha kartiye.

Usalama si neno la kutunyamazisha. Ni kazi yenye inafanywa mbele ya macho yetu.

Kijana, siku watakuja, usikimbie na usitupe jiwe. Uliza. Andika jibu. Kesho yake rudi, uulize tena.