Bibi Zubeida si wa Maji Peke Yake



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Wanafunzi wetu wapendwa, mkiulizwa leo Bibi Zubeida ni nani, wengi wenu mtajibu bila ya kusita: ni yule mke wa Khalifa Harun al-Rashid aliyewapelekea maji watu wa Makka. Jibu hilo ni sahihi na tunalipa alama zake. Lakini ni jibu la nusu, na nusu iliyoachwa inatuhusu sana sisi walimu, wazazi na wanakamati. Mama huyu alikuwa na sauti katika mambo ya dola kwa miaka mingi, na sauti yenyewe ilikuwa ikipita nyuma ya pazia. Maji yake waliyanywa mahujaji karne baada ya karne. Siasa yake ilichangia vita vya ndugu wawili, na kichwa cha mwanawe kikapelekwa Khurasan. Tunaona kuwa inafaa tuulize kwa nini mikono ile ile ikazaa mambo mawili yaliyo mbali namna hii.

Jina lake la kuzaliwa ni Amatul-Aziz. Babu yake, Khalifa Abu Ja'far al-Mansur, aliyeujenga mji wa Baghdad, ndiye aliyempa lakabu ya Zubeida, yaani kijipande cha siagi, kwa weupe na unene wake wa utotoni. (Mabinti mnaotaniwa kwa lakabu za utotoni mpate faraja.) Aliolewa na Harun mwaka 165 Hijria (781-782 Miladia). Baba zao walikuwa ndugu na mama zao walikuwa ndugu pia, kwa hiyo alipoingia nyumba ya mumewe alimkuta mama mkwe ambaye ni ndugu wa mama yake, Bibi Khayzuran.

Hapa lazima tutue kidogo, kwani humfahamu Zubeida asiyemjua Khayzuran. Huyu alitoka Yemen akiwa mjakazi aliyeuzwa, akanunuliwa kwa ajili ya al-Mahdi, kisha akaachwa huru na kuolewa. Watoto wake wawili wakawa makhalifa. Ndiye aliyeifanya msikiti ile nyumba ya Makka aliyozaliwa Mtume (S.A.W.), na kwa sisi tunaosoma Maulidi kila mwaka khabari hiyo peke yake ilitosha kumkumbuka. Mawaziri na majemadari walikuwa wakifika mlangoni kwake asubuhi kutaka shufaa. Mwanawe Musa al-Hadi alipotawala, mwaka 785, jambo hilo lilimkera. Amepokea Tabari kwamba alimtaka mama yake ashughulike na kusokota nyuzi na kusoma msahafu, na akawatisha majemadari wake kwamba atakayeonekana tena mlangoni kwa mama huyo atakatwa kichwa. Al-Hadi alifariki mwaka uliofuata, na wapokezi wamehitilafiana mpaka leo juu ya kifo chake. Harun akashika ukhalifa. Bibi Khayzuran alipofariki mwaka 173 Hijria (789), Harun alitembea miguu mitupu katika matope akilifuata jeneza la mama yake.

Zubeida aliyaona yote haya akiwa kijana. Aliona kwamba mwanamke wa kasri huweza kuwa na nguvu kubwa, lakini nguvu hiyo haina kiti wala kikao. Ina mlango tu, na mlango huweza kufungwa kwa neno la mtu mmoja.

Tuje kwenye kazi yake ya wazi. Ibn Khallikan ametaja kwamba katika nyumba yake walikuwamo wajakazi mia moja waliohifadhi Qur'ani, kila mmoja akiwa na wirdi wa sehemu ya kumi ya msahafu kwa siku, na kasri likisikika kama mzinga wa nyuki. Makka siku hizo kiriba kimoja cha maji kilifika kuuzwa kwa dinari nzima. Bibi akaamrisha maji yaletwe kutoka mabonde ya nje ya mji, kwa mifereji iliyopasuliwa katika majabali. Wakili wake alipolalamika kwamba gharama itakuwa kubwa, alimwambia aifanye kazi hata kama kila pigo la shoka litagharimu dinari. Kisha kuna ile njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, zaidi ya kilomita 1,400 za jangwa, aliyoiwekea visima, vituo na mabirika. (Hilo birika letu la kutawadhia msikitini limetoka katika neno hilo hilo la Kiarabu, birka.) Msafiri wa Andalus, Ibn Jubayr, aliipita njia hiyo mwaka 580 Hijria (1184), zaidi ya miaka 350 baada ya kufariki kwake, akaandika kwamba lau si yeye njia ile isingepitika.

Kazi hii kila mtu aliiona. Mhandisi aliulizwa, wakili akapinga na kujibiwa, gharama ikatajwa, na jina la mwenyewe likabaki juu yake.

Sasa nusu ya pili. Harun alikuwa na watoto wawili waliokaribiana umri. Abdullah al-Ma'mun alizaliwa mwaka 786, mama yake mjakazi wa Kiajemi. Muhammad al-Amin, mwana wa Zubeida, alizaliwa miezi sita baadaye, lakini baba na mama wote ni Bani Hashim. Mwaka 175 Hijria al-Amin alitangazwa mrithi wa ukhalifa akiwa mtoto wa miaka mitano! Hakukuwa na majlisi aliyosimama Bibi Zubeida akatoa hoja yake. Aliyekwenda kumwomba al-Fadl bin Yahya al-Barmaki alitetee jambo hilo ni Isa bin Ja'far, kaka wa Zubeida. Neno la mama lilipita kwa ndugu, kisha kwa mtu mkubwa wa serikali, kisha kwa khalifa. Ni nani basi angeweza kumwuliza ana kwa ana: Bibi, huyu mdogo ataweza?

Miaka michache baadaye al-Ma'mun akawekwa mrithi wa pili. Mwaka 186 Hijria (802) Harun alikwenda nao Hija, akawaapisha mbele ya Al-Kaaba, na hati za viapo zikatundikwa humo. Inasimuliwa kwamba hati ilianguka wakati ikitundikwa, watu wakanong'ona. Harun alifariki Tus mwaka 809. Haikupita miaka mitatu, al-Amin alimweka mwanawe mdogo mahali pa ndugu yake, akaziagiza zile hati kutoka Makka na kuzichana.

Jeshi lilipokuwa linatoka Baghdad mwaka 811 kwenda kumkamata al-Ma'mun, kamanda Ali bin Isa alikwenda kumuaga mama wa khalifa. Amepokea Tabari kwamba Bibi alimuusia amhurumie Abdullah, asimtolee maneno makali, asimtembeze kama mtumwa, na akitukanwa naye avumilie. Kisha akampa pingu ya fedha ya kumfungia. Tuizingatie pingu hiyo. Mama anaona kwamba jambo limekwenda vibaya, moyo unamuuma kwa mtoto wa mwenzake, na njia iliyobaki mkononi mwake ni kuchagua pingu iwe ya fedha badala ya chuma. Ali aliuawa karibu na Rayy. Baghdad ikazingirwa zaidi ya mwaka mzima, na al-Amin akauawa Septemba 813.

Wapo wanaosema: mnaona, huo ndio mwisho wa kumsikiliza mwanamke katika mambo ya watu. Hatukubaliani nao. Waliopigana, waliochana hati na waliowashauri walikuwa wanaume, na aliyeugawa ufalme kwa viapo ni Harun mwenyewe. Tena tunao mfano bora kuliko kasri lolote. Siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, Mtume (S.A.W.) aliingia kwa Ummu Salama (R.A.) akamweleza. Bibi akashauri kwamba atoke asiseme na mtu, achinje na anyoe. Akafanya hivyo, na watu wote wakafuata. Shauri hilo limo katika Sahih al-Bukhari likiwa na jina la aliyelitoa.

Kwa hiyo, wazazi wetu, tunalo ombi. Katika madrasa nyingi za mwambao huu kina mama ndio wanaochanga, ndio wanaopika siku ya Maulidi, na ndio wanaojua kwa nini mtoto hakufanya muraja'a. Lakini neno la mama hufika kwenye kamati kwa mdomo wa mumewe, au kwa mtoto anayetumwa "kamwambie maalim". Likifika limeshageuka, na hakuna wa kuulizwa. Hatuzungumzii ukhalifa hapa. Hilo lina wanavyuoni wake. Tunazungumzia saa za darsa zinazogongana na tuisheni, ada, na usalama wa watoto njiani baada ya Magharibi. Tunapendekeza kina mama wapewe nafasi yao katika kikao, kwa stara na adabu zote za kisharia, na maneno yao yaandikwe katika kumbukumbu kwa majina yao. Na mabinti wasiondolewe chuoni pindi tu wanapokhitimu msahafu, kabla hata hawajalifikia darsa la tarekh.

Ama Bibi Zubeida, baada ya msiba ule alijiwa akichochewa atoke kudai damu ya mwanawe. Alikataa, akavaa nguo nyeusi. Al-Ma'mun alipoingia Baghdad mwaka 819 alimheshimu, na mwaka 825 Bibi alikuwapo kwenye harusi yake na Buran. Alifariki Baghdad mwaka 216 Hijria (831). Mifereji iliendelea kupeleka maji Makka, ikiharibika na kutengenezwa tena zama baada ya zama, na mahujaji waliokuja kwa majahazi kutoka pwani yetu nao waliyanywa.

Wabillahi tawfiq.