MANENO YA NYUMBANI: Manung'uniko ya Hemani

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya dhambi moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa dhambi, kwa kuwa haionekani kama ulevi, wala haishtakiwi barazani kama wizi. Nayo ni manung'uniko. Huketi pamoja nasi mkekani wakati wa chakula, na kwa kuwa tumeyazoea, hatuoni ya kuwa yatula.

Musa alipowakumbusha Waisraeli safari yao, kama tusomavyo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 1, aliwaambia ya kuwa walinung'unika ndani ya hema zao. Neno hili la hema yatupasa kuliangalia sana. Watu wale hawakwenda kwa Musa kumwuliza, wala hawakumlilia Mungu awape nguvu. Walikaa hemani wakasema wao kwa wao ya kuwa Mungu aliwatoa Misri kwa sababu awachukia. Na hema haina ukuta wa mawe. Bila shaka watoto walisikia. Tena angalieni mwisho wake. Wazazi walisema ya kuwa watoto wao watatekwa na adui. Mungu akasema ya kuwa ni watoto hao hao watakaoingia katika nchi ile, wala si wazazi. Hofu ya baba zao haikuwa kweli.

Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 11, twaona jambo la pili. Watu walichoka na mana, wakaanza kutaja chakula cha Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu, na vitunguu saumu. Hesabu yao ilikuwa ndefu, wala hawakusahau hata mboga. Lakini hawakutaja fimbo za wasimamizi, wala kazi ya matofali, wala watoto wa kiume waliotupwa mtoni. Hivyo ndivyo manung'uniko yanavyomtenda mtu: humwachia kumbukumbu ya yale yanayomwuma leo, na kumwondolea kumbukumbu ya yale aliyookolewa jana. Kwa hiyo kushukuru si kujidanganya, kana kwamba taabu haipo. Kushukuru ni kukumbuka mambo yote, ya taabu na ya wokovu pamoja.

Na ile mana yenyewe ilikuwa shule. Kila mtu aliokota pishi moja kwa siku. Aliyeiweka hata asubuhi kwa kuogopa kesho, aliikuta ina mabuu na harufu mbaya. Ila siku ya sita waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato, nayo haikuharibika. Mungu hakuwapa ghala ya kutazama. Aliwapa chakula cha siku, ili kila asubuhi wajifunze kumtumaini tena. Sisi nasi twaomba mkate wetu wa kila siku, lakini mara nyingi twakasirika kwa kuwa hatukupewa wa mwaka.

Hapa twaogopa kwamba wengine watatuelewa vibaya, nasi twataka kusema wazi. Si kila aelezaye shida yake anung'unika. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao, na Mungu akasema ya kuwa wanena haki. Wajane wa Kiyunani kule Yerusalemu waliposahauliwa katika ugawaji wa chakula, mitume hawakuwakemea. Walitaka watu saba wenye hekima wachaguliwe kuisimamia kazi hiyo. Daudi naye katika Zaburi alimlilia Mungu kwa uchungu mwingi, wala Mungu hakumkataa. Basi mume asilitumie neno letu kumfunga mkewe kinywa. Mama asemapo unga umekwisha, au mtoto ana homa, hayo si manung'uniko. Ni habari, nayo yataka msaada. Na mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa aweza kumwendea msimamizi wake kwa adabu na kuuliza. Tofauti ni hii: ombi humwendea yule awezaye kusaidia, manung'uniko humzunguka, yakaenda kwa wote wasioweza kitu, hata kila nyumba ipate uchungu wake.

Twawapa mfano mmoja wa pwani yetu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, mke wake alikufa kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga akamfuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Je, mtu huyo hakuwa na sababu ya kusema ya kuwa Mungu amemwacha? Lakini aliwaandikia waliomtuma ya kuwa kaburi lile katika pwani ya Afrika liwe kwao alama ya kazi iliyokwisha kuanza. Hakurudi kwao. Aliendelea kujifunza Kiswahili na kufasiri Maandiko. Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, na siku walipopanda kwenda kukaa Rabai, wote wawili walikuwa na homa. Krapf alipoondoka pwani mwaka 1853, waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, naye alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alipanda asichokivuna. Nasi tusomao Kiswahili katika karatasi hii tu miongoni mwa wavunao.

Basi, ndugu zetu, tufanyeje? Kwanza, jioni kabla ya sala ya nyumbani, kila mmoja, hata mtoto mdogo, na ataje jambo moja la siku ile ambalo amshukuru Mungu kwalo. Lisiwe neno la jumla tu. Aseme mvua, au jirani aliyeleta kuni, au jeraha lililoanza kupona. Pili, kila shida ya nyumba na itajwe mbele za Mungu kwa jina lake, kisha watu wazima washauriane ni nani atakayeiendea kesho, na kwa njia gani. Tatu, tusiwaseme watu wasiokuwapo mbele ya watoto wetu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akisikia kila usiku lawama tu, atajifunza ya kuwa Mungu ni bahili na watu wote ni wabaya, hata kama Jumapili twamfundisha mengine.

Huenda nyumba yako mwezi huu ina taabu kubwa, nasi hatuijui. Hatukuambii uicheke. Twakuambia uipeleke kwa Yeye aliyewalisha watu jangwani miaka arobaini, hali wakinung'unika. Kama hakuwanyima wale, hatakusahau wewe umwitaye. Mungu azibariki hema zenu. Amina.